Moto Usio na Moshi

Ndhiwa. Jumatatu, 10 Machi

Nimefika pamoja na mvua. Chumba nilichopangishiwa kiko nyuma ya duka la mbolea, kina dirisha moja na paa la mabati lililonipigia kelele tangu saa nane mchana. Nimeleta kompyuta, waya kumi na mbili za kupima joto, na tasnifu ambayo Daktari Nyakundi, msimamizi wangu, ameirudisha mara tatu. Mara ya tatu aliandika juu ya ukurasa wa kwanza kwa wino mwekundu: "Nzuri, lakini dunia iko wapi?" Basi dunia nimeifikia. Ina matope hadi kwenye vifundo vya miguu.

Niiandike kazi yenyewe wazi, nisije nikaisahau kwa hasira. Kiwanda cha Bwana Hamud hupika sukari nguru. Miwa hukamuliwa, maji yake yakachemshwa katika makarai matatu makubwa yaliyopangwa juu ya tanuri refu, na moto huwashwa kwa makapi, yale mabaki ya muwa uliokwisha kukamuliwa. Mimi nimelijenga tanuri hilo ndani ya kompyuta. Kuna mambo manne yaliyoshikana humo: makapi yanayoungua, hewa inayopita, joto linalopenya chuma cha karai, na maji ya miwa yanayochemka juu yake. Huwezi kukokotoa moja ukaliacha jingine, maana ukigusa moja yote yanatikisika. Modeli yangu inasema tanuri hili linatupa theluthi ya joto lake hewani, na kwamba likiwa na mdomo mmoja wa kutilia makapi badala ya miwili, na dohani fupi kidogo, litapika sukari ileile kwa makapi machache. Vipimo vya hapa vikikubaliana na modeli, nitahitimu mwaka huu. Visipokubaliana, nitarudi nyumbani Kehancha nikiwa na miaka ishirini na tisa kumweleza mama nilikuwa nafanya nini muda wote huu.

Jumanne, 11 Machi

Bwana Hamud amenipokea kwa chai ya tangawizi na Kiswahili cha Lamu kinachonifanya nijione natafuna mawe. Halafu akanipeleka kwa mchochea moto wake, mzee Obare, ambaye ameketi mbele ya tanuri hilo miaka kumi na tisa. Ni mwembamba, macho mekundu, na gambuti zake hazifanani.

"Wewe ni nyar Kuria?" akaniuliza. Yaani binti wa Wakuria. "Kwenu mgeni akikuja, mnampokeanga aje?"

Nikamjibu tunampokea vizuri, nikafungua daftari. Sikuja kuulizana mila. Nikamweleza polepole, kwa ile sauti ninayoijua na nisiyoipenda, ya mwalimu wa chekechea: "Baba, siku hizi za vipimo fanya kazi kama kawaida. Usibadilishe chochote. Nihesabu kama sipo."

Akacheka hadi akakohoa. "Mgeni anasema hayuko, na sisi tunamuona!"

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Nimefunga waya zote. Moja imekufa kabla ya kuanza.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya pili ya vipimo. Nilikuwa nimejiandaa kwa moshi, nikanunua hata barakoa. Hakuna moshi. Moto wa mzee huyu ni safi, unavuma sawasawa, na karai la kwanza linachemka kabla sijamaliza kuwasha kompyuta. Nikifika saa mbili asubuhi ninamkuta amekwisha kulipasha tanuri na kufunga mafungu yake ya makapi kwa kamba, yamepangwa vizuri kama mizigo ya sokoni.

Sioni midomo ya tanuri kutoka ninapokaa. Ameniwekea kiti upande wa pili wa ukuta. "Kaa huko, nyathina," alisema, mwanangu yaani. "Huku majivu itaharibu kompyuta yako." Nilimshukuru. Nilidhani nimepata mtu anayeheshimu sayansi.

Jumamosi, 15 Machi

Moto mzuri. Chakula cha mchana omena tena, dagaa wa ziwa.

Alhamisi, 20 Machi

Asilimia nne!

Siku sita za vipimo, waya kumi na moja, na tofauti kati ya tanuri la kweli na tanuri langu la kompyuta ni asilimia nne. Nimerudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Mstari wa vipimo unapanda na kushuka juu ya mstari wa modeli kana kwamba umechorwa na mkono mmoja. Nimelia. Nimekaa kitandani, nimefunika uso kwa leso, nimelia kwa miaka minne ya kuambiwa ninacheza na rangi kwenye kioo.

Nilimpigia Daktari Nyakundi. "Tumefanya kazi, Dolphine," akasema. "Results ni fiti sana." Miaka minne kazi ilikuwa yangu peke yangu, hasa ilipokuwa mbaya. Leo ndiyo mara ya kwanza nimesikia "tumefanya".

Jumatano, 2 Aprili

Daktari amekuja mwenyewe kwa gari la chuo, amevaa viatu vyeupe, amemwonyesha Hamud michoro yangu. Hamud ameamua kuvunja tanuri la zamani na kujenga la kwetu. Mwezi wa sita kuna mkutano wa watafiti Homa Bay, na Daktari anataka picha ya tanuri likifanya kazi.

Obare alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Hiyo mdomo mbili iko na kazi yake," akasema. "Na chimni refu pia. Wakati ya mvua, makapi..." Kisha akanitazama mimi, akaacha neno lake katikati. Hamud akamwuliza, makapi yana nini? "Hapana. Iko tu sawa," akajibu, akatoka.

Daktari akanikonyeza. Watu wa namna hii, aliniambia baadaye, huogopa kila kitu kipya. Nikakubali kwa kichwa. Niliona mzee amebabaika, na nikafurahi kuona amebabaika.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua siku ya tisa mfululizo. Fundi amekata dohani mita mbili.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo tumewasha tanuri jipya, na ni afadhali ningekuwa mgonjwa.

Saa tatu Obare alitia makapi. Ukatoka moshi wa njano, mzito, ukashuka chini badala ya kupanda. Dohani haikuvuta. Akatia tena. Karai la kwanza lilitoa povu kidogo kando kando, la pili likawa vuguvugu, la tatu unaweza kuogea. Saa tano akainama kupuliza, na moto ukamrudia usoni kwa mlipuko mmoja. Umemla nyusi zote mbili na ngozi ya paji la uso. Alikaa chini kwenye matope akajipapasa uso kama mtu anayetafuta miwani. Mtu alimmwagia maji. Mimi nilikuwa nimeshika kompyuta, ndiyo niliyoikimbiza nje kwanza. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Maji ya miwa hayangoji. Kufikia saa tisa yalikuwa yamechacha, yananuka kama pombe, na Hamud akaamuru yamwagwe mtaroni. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, kwa upole uliouma zaidi, "Mwanangu, kompyuta yasemaje?"

Kompyuta inasema tanuri linafanya kazi. Niliwasha tena modeli palepale, chini ya mwavuli, na makarai yote matatu yalichemka.

Jumamosi, 26 Aprili

Vivyo hivyo. Moshi, povu, mtaro.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimezungumza na Daktari kwa simu.

"Modeli ilikubali vipimo au haikukubali?"

"Ilikubali."

"Basi tanuri ni sawa. Nani anachochea?"

"Yule mzee."

"Si ulisema hataki tanuri mpya? Andika report, short. Mchocheaji hajazoea mfumo."

Nimeandika. Sentensi saba. Nilitumia maneno "uchocheaji usiofuata utaratibu" na "ugumu wa kukubali mabadiliko". Na nitakuwa mkweli hapa, ambapo hakuna anayenisahihisha: nilipokuwa nikiandika niliamini. Nilimwona tena mlangoni na kofia yake, neno likimfia mdomoni, nikasema huyu anatuhujumu. Nilikuwa na hasira naye. Alikuwa amesimama kati yangu na joho langu.

Jumatatu, 5 Mei

Hamud amemwachisha Obare kazi. Aliisoma ripoti yangu mbele yake, sentensi moja moja, kwa kile Kiswahili chake kizuri. Mzee alisikiliza akiwa na bandeji kichwani. Ilipofika sentensi ya saba akaniangalia kama mtu anayengoja niseme kuna ya nane. Nikafunga daftari langu.

Ameletwa kijana anayeitwa Bonface kuchukua nafasi yake.

Jumanne, 6 Mei

Mvua.

Jumapili, 11 Mei

Leo nimekwenda nyumbani kwa Obare. Sikwenda kumwangalia, nilikwenda kuchukua waya zangu. Alizihifadhi kwake tangu vipimo viishe, kwa sababu paa la kiwanda linavuja, na chuo kinazitaka.

Nilimkuta mkewe, mama Caren, amepiga magoti mbele ya mafiga, anapuliza vijiti vilivyolowa. Jiko lilikuwa moshi mtupu. Ndama alikuwa amefungwa humo humo ndani, karibu na mitungi. Mama alinikaribisha, akanipa kigoda, akaniletea waya zikiwa ndani ya gunia, kavu, zimekunjwa moja moja. Nikasema, kwa kutafuta la kusema, kwamba kuni za mvua ni shida.

"Shida gani?" akasema. "Kuni yangu ulichoma wewe."

Nilidhani sikusikia.

"Nilipasua mwezi wa kwanza. Mikaratusi, kavu kabisa, ya kupika mvua yote. Wewe ukakuja. Mzee akasema wendo ametoka mbali, ameleta mashine. Makapi imelowa, itatoa moshi. Wendo ataenda kusema huko chuo ati moto ya Obare ni moshi. Kila asubuhi akabeba kuni, akaficha ndani ya makapi, akafunga na kamba. Siku tano kuni ikaisha. Siku ya sita akang'oa nguzo ya zizi." Akaonyesha ndama kwa mwiko. "Ndio huyu analala na mimi."

Wendo ni mgeni. Neno hilo nimelisikia kwao tangu Machi na sikuwahi kujiona ndani yake.

"Kwa nini hakuniambia?" nikauliza. "Nilimwambia asibadilishe chochote."

Mama Caren aliniangalia kwa mshangao wa kweli. "Akuambie nini? Ati nimekupikia vizuri? Kwenu watu wanaambianga mgeni hivyo?"

Hatuambii. Kwetu pia hatuambii. Mama yangu huchinja jogoo aliyebaki akamwambia mgeni kwamba kuku wamejaa huko nyuma. Mgeni mwenye adabu hujua, huangalia, hupima kwa macho. Mimi nilikuja na waya kumi na mbili nikapima kila kitu isipokuwa kilichotiwa ndani ya moto. Sikuinuka hata mara moja kwenye kile kiti kuzunguka ukuta. Sikupima unyevu wa makapi, niliutoa kitabuni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeupima.

Obare akaingia, akatutazama, akaelewa. Nyusi zimeanza kuota, nyeupe. Hakukasirika. Alichoogopa ni kimoja. "Usiandike hiyo ya kuni," akasema. "Hamud atasema mimi ni mwongo. Heri aseme mimi ni mzee."

Jumatatu, 12 Mei

Nimeiendesha modeli upya. Badala ya makapi makavu ya kitabuni nimeweka makapi ya mvua, nusu yake maji. Hesabu ilichukua saa sita kutulia, na ilipotulia ilinionyesha yote ya Alhamisi ile tuliyowasha tanuri jipya. Joto linaishia kukausha makapi. Moto unapoa, moshi unapoa, dohani inavuta kidogo, na ikivuta kidogo moto unapoa zaidi. Karai la tatu halichemki kamwe. Nililiweka pia tanuri la zamani, lenye midomo miwili na dohani ndefu, nikalipa makapi yaleyale yaliyolowa. Linapika. Linachelewa na kutoa moshi, lakini linapika. Ndicho Obare alichotaka kusema mlangoni akaniangalia akaacha, maana kukisema ni kuniambia kwamba moto nilioupima ulikuwa wa karamu.

Kwa hiyo modeli haina kosa. Mwenye kosa ni mimi, na njia zangu zimebaki hivi. Nikinyamaza, Obare ni mzee asiyejua moto. Nikisema kuni zilikuwemo, Obare ni mdanganyifu. Kuna njia ya tatu, kusema kwamba mtafiti hakupima anachochoma, na basi jina la Obare ni safi na mimi sina tasnifu. Nimeiandika ya tatu ili niione. Nimeiona.

Jumanne, 13 Mei

"Daktari, vile vipimo si vya makapi."

"Ni vya nini?"

"Kuni kavu. Na nguzo za zizi la ng'ombe."

Akacheka, nikangoja amalize.

"Dolphine, sikiliza. Makapi ni biomass. Kuni ni biomass. Andika biomass, tumalize."

"Lakini tanuri limejengwa, na linamkataa hata kijana mpya."

"Tanuri ni ya Hamud. Paper ni yetu. Mvua itaisha, makapi itakauka, itawaka. Usituharibie mkutano kwa sababu ya mzee mmoja." Kisha, kwa sauti ya baba: "Mama yako anajua uko karibu kumaliza?"

Nilimchukia kwa swali hilo. Nimemchukia siku nzima, kwa sababu lilifanya kazi.

Jumanne, 20 Mei

Bonface amepata dawa. Anachoma matairi ya pikipiki. Moto unanguruma, makarai yanachemka, na moshi mweusi unashuka hadi shule ya msingi iliyo bondeni. Hamud hapendi harufu lakini anapenda sukari. "Lafanya kazi, mwanangu," aliniambia. "Yule mzee ndiye aliyekuwa na kasoro." 

Jumamosi, 24 Mei

Mvua. Sijaenda popote.

Ijumaa, 30 Mei

Tasnifu imekubaliwa. Daktari hakuongeza wino mwekundu hata nukta. Mama alipiga vigelegele kwenye simu hadi majirani wakaja. Nilikula chapati mbili nikazitapika.

Homa Bay. Alhamisi, 12 Juni

Ukumbi wa hoteli, viti vyenye vitambaa vyeupe, ziwa dirishani. Nilionyesha mchoro wangu wenye mistari miwili inayopandana, watu wakanong'ona kwa kuridhika. Daktari aliketi mstari wa mbele, jina lake likiwa juu ya langu.

Kisha mhandisi mmoja, Shamima, mtu wa viwanda vya chai, mwenye sauti ya chini, akanyoosha mkono. "Hongera kwa kazi. Siku za vipimo mlichoma nini hasa, na kilikuwa na unyevu kiasi gani?"

Swali lenyewe kabisa. Ndilo nililopaswa kujiuliza Machi, na ndio mlango niliokuwa nimeomba kwa siku thelathini mtu anifungulie.  Daktari hakugeuka. Akilini nilimwona mama Caren amepiga magoti mbele ya mafiga.

"Mchanganyiko wa mabaki ya mimea," nikasema, "yaliyokaushwa kwa desturi ya wenyeji."

Aliandika. Aliniamini. Wakapiga makofi.

Ndhiwa. Jumamosi, 14 Juni

Nimerudi kufunga mizigo. Mvua imekatika, barabara inatoa vumbi.

Nilikwenda kwa Obare kwanza. Nilikuwa nimepanga maneno: kwamba ripoti ilikuwa ya uongo, kwamba nilijua hivyo tangu Mei, kwamba Homa Bay niliulizwa nikakana. Hakunipa nafasi. Aliniona kwenye ua, akasimama na mikono miwili hewani.

"Karatasi yako ilipita?"

"Ilipita, Baba."

"Mama Caren!" akaita, amejaa furaha usoni. "Nilikuambia nini? Kuni haikupotea!"

Mama Caren alitoka jikoni akijifuta mikono. Alinipa mkono, akasema hongera, akarudi ndani. Obare akanishika kiwiko, akanipeleka kando, karibu na mashimo ya zizi ambayo bado hayajapata nguzo.

"Sasa wewe ni mtu mkubwa," akasema. "Hamud atakusikia. Ile ya kuni usiseme. Mwambie tu Obare anajua moto. Hiyo tu. Mwambie moto naujua."

"Nitamwambia," nikasema.

Geti la kiwanda lilikuwa wazi. Ningeweza kupita bila kuingia, lakini Hamud aliniona akaniita mwenyewe, akaniwekea kiti kivulini na soda baridi. Bonface alikuwa anakata tairi kwa msumeno. Hamud amepata kiwanja Awendo. Anataka tanuri la pili, kama hili hili, na aliniomba nimwachie michoro. Akaniuliza pia, kwa adabu yake, kama kuna jambo lolote ambalo yafaa alijue kabla hajaanza kujenga.

Nilimwambia hakuna. Nikafungua kompyuta magotini, nikamtumia michoro yote, kisha nikamaliza soda.